Waya wa Pili

Watu wengi hufikiri kwamba taa ya umeme inakula umeme, kama vile taa ya mafuta inavyokula mafuta. Jioni mama anamimina mafuta katika taa. Asubuhi chombo ni kitupu. Mafuta yameingia, hayakutoka. Basi watu husema: «Na umeme ni vivyo hivyo. Unaingia katika ampuli, unaungua humo, unakwisha.» Maneno hayo yanafanana na akili. Lakini si kweli. Tena ni maneno ya hatari, maana yanaweza kumwua mtu.

Tazameni taa ya umeme yo yote. Haina waya mmoja, ina nyaya mbili. Kama umeme unaliwa na taa, waya mmoja ungalitosha kuuleta. Waya wa pili ni wa kazi gani?

Kijana mmoja wa Kolwezi, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa na jibu lake. Alisema: «Waya wa kwanza unaleta umeme. Taa inaula. Waya wa pili ni wa kushikilia taa tu, ndani yake hamna kitu.» Hakuna aliyembishia. Darasani alikuwa wa kwanza katika hesabu, na nyumbani wadogo zake walimsadiki kwa kila neno.

Siku moja kijana huyu alitaka kumtengenezea mdogo wake gari la kuchezea. Alikuwa na vifuniko vinne vya chupa kwa magurudumu, lakini hakuwa na waya. Akainua macho, akaona taa ya barazani, inayoning'inia kwa nyaya zake mbili. Taa ilikuwa inawaka. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na sakafu ya baraza ilikuwa imelowa. Kijana akapindua ndoo ya chuma, akaipanda kwa miguu mitupu, akashika kisu. Akawaza: «Waya wa kwanza sitaugusa, mimi si mjinga. Nitakata ule wa pili, ulio mtupu.»

Wakati ule ule mjomba wake aliingia uani. Mjomba huyu alikuwa fundi wa umeme. Aliona ndoo, aliona kisu, akapiga kelele: «Acha! Shusha mkono! Teremka!»

Kijana akateremka. Mjomba hakusema neno. Alikwenda kwanza kuzima swichi kubwa ya nyumba, kisha akarudi, akaketi juu ya kizingiti. Mikono yake ilikuwa inatetemeka.

«Ulitaka kukata waya upi?»

«Ule wa pili, Mjomba. Ule usio na umeme.»

«Nani amekuambia kwamba hauna umeme?»

«Nimefikiri mwenyewe. Taa imekwisha kuula wote.»

Mjomba alinyamaza kitambo. Halafu akasema: «Ningeweza kukupiga. Lakini fimbo itakuogopesha leo tu. Kesho mimi nitakuwa kazini, na wewe utapanda tena juu ya ndoo. Afadhali ujue. Njoo.»

Akaleta batri mbili za tochi, ampuli mbili ndogo za tochi, vipande vya waya, na kipimo cha amperi. Amperi ndicho kipimo cha mkondo wa umeme, yaani kinachoonyesha ni umeme kiasi gani unaopita mahali fulani katika sekunde moja. Akaunganisha batri na ampuli moja. Ampuli ikawaka vizuri.

«Sasa,» akasema, «nitaweka kipimo kabla ya ampuli. Soma.»

Kijana akasoma: 0,3.

«Nitakiweka upande wa pili, baada ya ampuli, mahali umeme unaporudi kwenye batri. Kitasema nini?»

«Sufuri, Mjomba. Au kidogo sana.»

Mjomba akahamisha kipimo. Kijana akainama kusoma. Akasoma tena. Akagonga kioo kwa kidole, akifikiri sindano imekwama. Ilikuwa 0,3.

«Kipimo kimeharibika,» akasema.

«Basi tuache kipimo, tutumie macho yako,» Mjomba akajibu. Akaunganisha ampuli mbili, moja nyuma ya nyingine, katika njia ile ile moja. «Kama taa inakula umeme, ampuli ipi itawaka zaidi?»

«Ya kwanza. Itakula nyingi, na kumwachia mwenzake makombo.»

Mjomba akafunga njia. Ampuli zote mbili zikawaka. Mwanga wao ulikuwa hafifu kuliko ule wa kwanza, lakini ulikuwa sawasawa. Mjomba akageuza batri, ili iliyokuwa ya mwisho iwe ya kwanza. Mwanga haukubadilika. Akaweka kipimo mwanzoni, katikati na mwishoni. Mahali pote patatu kilionyesha 0,2.

Kijana alinyamaza. Kisha akauliza lile swali ambalo kila mtu mwenye akili lazima aliulize: «Kama umeme haupungui, ni kitu gani kinachokwisha? Maana batri zinakwisha, nami nimeziona zikifa.»

Jibu la swali hilo ni zuri, tena si gumu. Lakini yafaa kwanza kujua ni kitu gani kinachotembea ndani ya waya.

Shaba, kama kila kitu, ni mkusanyiko wa chembe ndogo mno zisizoonekana. Katika kila chembe ya shaba mna vijichembe vingine vidogo zaidi, viitwavyo elektroni. Kila elektroni inachukua kiasi kidogo cha umeme kiitwacho chaji. Bwana J. J. Thomson wa Uingereza ndiye aliyezitambua elektroni katika mwaka 1897. Katika shaba, elektroni nyingine hazikufungwa na chembe moja, zinaweza kuhama. Ndiyo maana shaba inapitisha umeme vizuri, na ubao haupitishi.

Shikeni neno hili: waya hauko mtupu hata siku moja. Hata ukiwa chini dukani, haujaungwa na kitu cho chote, umejaa elektroni toka ncha hata ncha. Batri haimimini elektroni ndani ya waya, kama mtu anavyomimina maji katika mtungi mtupu. Elektroni zimo tayari. Kazi ya batri ni kuzisukuma.

Tazameni mnyororo wa baisikeli. Ukikanyaga, mnyororo unatembea, na gurudumu la nyuma linazunguka. Je, gurudumu linakula mnyororo? Hapana. Pingili zinazofika nyuma ni sawa kwa hesabu na pingili zinazorudi mbele. Zikipita ishirini juu, ishirini zinarudi chini. Tena, gurudumu halingoji pingili iliyo mbele ifike nyuma ndipo lianze kuzunguka. Mnyororo wote unaanza kwenda mara moja. Na mnyororo ukikatika mahali po pote, juu au chini, kazi yote inasimama.

Umeme katika waya ni hivyo. Batri ni mguu unaokanyaga. Elektroni ni pingili. Taa ni gurudumu. Na waya wa pili? Waya wa pili ni sehemu ya chini ya mnyororo. Mwendesha baisikeli hawezi kusema: «Sehemu ya chini ni ya bure, niikate.»

Sasa ni nini kinachokwisha? Ni nguvu za mguu. Mwendesha baisikeli hapotezi pingili, anachoka. Hali kadhalika batri haipotezi elektroni. Dawa zilizomo ndani yake zinabadilika kidogo kidogo, na uwezo wake wa kusukuma unakwisha. Katika taa, elektroni zinajipenyeza kwa shida ndani ya uzi mwembamba, zinagongana na chembe za uzi, na uzi unapata moto hata unang'aa. Nguvu za batri zimegeuka kuwa moto na mwanga. Elektroni zenyewe zinatoka upande wa pili, zote kwa hesabu kamili, zikirudi kusukumwa tena.

Watu wa Kolwezi wanaweza kuelewa jambo hili wakifikiri bwawa la Nzilo, lililojengwa katika mto Lualaba katika miaka ya 1950. Maji yanateremka katika mabomba makubwa, yanazungusha mitambo, kisha yanatoka chini na kuendelea na safari yao. Mitambo haikunywa maji. Maji yaliyoingia ndiyo yaliyotoka. Lakini yaliingia yakiwa juu, yametoka yakiwa chini. Yametoa nguvu za kuanguka kwao, hayakutoa miili yao.

Kijana alisikiliza yote, lakini alikuwa mtu wa hesabu, na hakukubali upesi. Akasema: «Mjomba, labda taa inabakiza elektroni chache tu, chache sana, hata kipimo hakizioni.»

Neno hilo lilikuwa neno la akili, na Mjomba alilifurahia. Akamwambia afanye hesabu. Amperi moja ni elektroni zaidi ya bilioni sita mara bilioni moja, zinazopita katika sekunde moja. Tuseme taa inabakiza sehemu moja tu katika milioni. Elektroni zingejaa ndani yake sekunde kwa sekunde, saa kwa saa. Lakini elektroni hazipendani. Kila moja inaisukuma mwenziwe mbali. Zikianza kusongamana mahali pamoja, msongamano ule unazizuia zinazokuja nyuma, na kuzihimiza zilizo mbele zitoke. Basi kilichozidi kinaondolewa mara.

Na kweli, jambo hili hutokea kila mara taa inapowashwa. Kwa kitambo kidogo mno, kifupi kuliko kupepesa jicho, mkondo hauko sawa mahali pote. Hapa elektroni zimezidi kidogo, pale zimepungua. Zinasukumana, zinajipanga. Kisha kila mahali panapitisha kiasi kile kile kinachopita mahali pengine. Hapo mkondo umetulia. Kutulia si kusimama. Mto Lualaba wakati wa kiangazi unakwenda mchana na usiku, lakini alama ya maji kwenye jiwe haipandi wala haishuki, maana yanayokuja ni sawa na yanayoondoka. Mkondo uliotulia ni kama mto huo: mwendo upo, hesabu haibadiliki.

Zamani wataalamu hawakuweza kuchunguza mkondo wa namna hiyo. Walikuwa na cheche tu: umeme unaruka mara moja, umekwisha. Katika mwaka 1800 Alessandro Volta, mtaalamu wa Italia, alipanga vipande vya madini mbalimbali kimoja juu ya kingine, kama shaba na zinki, na katikati vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Kutoka hapo umeme ulitoka bila kukoma kwa muda. Ilikuwa batri ya kwanza. Shaba na zinki ni madini yale yale yanayopatikana Katanga. Katika mwaka 1845 Gustav Kirchhoff, aliyekuwa angali mwanafunzi wa chuo kikuu katika Ujerumani, aliandika sheria ambayo mafundi wote wanaitumia hata leo. Sheria ni hii: mahali po pote nyaya zinapokutana, umeme unaoingia ni sawa na umeme unaotoka. Njia ikigawanyika kwa taa tatu, mkondo unagawanyika. Njia zikiungana tena, mkondo unajumlishwa, na jumla ni ile ile.

Basi turudi kwa kijana na kisu chake. Kama Mjomba asingaliingia, ingalikuwaje?

Kijana angalikata waya wa pili, na taa ingalizimika papo hapo. Yeye angaliwaza: «Sasa umeme umekwisha kabisa,» akashika kipande kilichoning'inia chini ya taa ili akivute. Lakini kipande kile kilikuwa bado kimeungana na waya wa kwanza kwa njia ya uzi wa taa. Mnyororo ulikuwa umekatika, lakini mguu ulikuwa bado unasukuma. Msukumo wote wa volti 220 ungalisimama katika ncha ile ya shaba, ukingoja njia. Mkono ungaligusa ncha. Miguu mitupu ilikuwa juu ya chuma, chuma kilikuwa juu ya sakafu iliyolowa, na sakafu juu ya ardhi. Mnyororo ungalifungika tena, na kijana mwenyewe angalikuwa waya wa pili.

Taa ya kawaida ya wati 60 hupitisha zaidi ya robo ya amperi. Sehemu moja tu ya kumi ya amperi, ikipita kifuani, inaweza kuuvuruga moyo hata usimame.

Yafaa kujua pia kwamba umeme wa nyumbani hauendi upande mmoja kama ule wa batri. Mitambo inausukuma mbele, kisha nyuma, mara 50 katika kila sekunde. Elektroni za nyumbani hazisafiri; zinatikisika mahali pao. Lakini sheria haibadiliki: kila zinapotikisika katika waya wa kwanza, zinatikisika vile vile katika waya wa pili. Hakuna waya mtupu.

Watoto huuliza: «Mbona ndege anatua juu ya waya na hafi?» Ni kwa sababu miguu yake yote miwili iko juu ya waya mmoja, na yeye hagusi kitu kingine. Hakufunga njia yo yote. Mtu aliyesimama ardhini, kwa kugusa tu, anaifunga njia. Kwa hiyo mtu asijilinganishe na ndege.

Kijana alikuwa na swali moja la mwisho, nalo lilikuwa juu ya Inga. Huko Inga, karibu na mwisho wa mto Kongo, maporomoko ya maji yanazungusha mitambo mikubwa. Tangu mwaka 1982 kuna njia ya umeme itokayo huko mpaka Kolwezi, yenye urefu wa kilometa 1700 hivi. Mkondo wake ni wa upande mmoja, kama ule wa batri. Ukifika Kolwezi unageuzwa kuwa ule wa kutikisika.

«Mjomba, elektroni inayotoka Inga inafika Kolwezi baada ya siku ngapi?»

«Wewe ndiwe mtu wa hesabu,» Mjomba akasema. «Elektroni katika waya zinakwenda polepole sana. Katika njia hiyo hazifikishi hata milimeta moja kwa sekunde. Lakini wewe wape milimeta nzima. Hesabu.»

Kijana akachukua kalamu. Kilometa 1700 ni milimeta 1700000000. Kwa milimeta moja kila sekunde, ni sekunde 1700000000. Akagawanya kwa sekunde za saa, kwa saa za siku, kwa siku za mwaka. Akaangalia jibu, akarudia tangu mwanzo. Ilikuwa miaka hamsini na mitatu na zaidi.

«Basi iliyoondoka Inga mwaka 1982...»

«Hata leo haijafika. Wala haitafika sisi tukiwa hai, maana mwendo wake wa kweli ni mdogo kuliko huo. Lakini wakifunga njia kule Inga, huku Kolwezi msukumo unafika kabla hujapepesa jicho. Kwa nini?»

Kijana akafikiri. Kisha akasema polepole: «Kwa sababu waya umejaa tayari. Ya kule inasukuma jirani yake, na jirani anasukuma jirani. Zinazofanya kazi huku ni za huku huku.»

«Ndiyo,» Mjomba akasema. «Na mtu akikata njia hiyo katikati ya pori, akidhani anachukua kipande kidogo tu mahali pasipo na taa?»

«Kazi yote ya njia hiyo inasimama. Kule na huku.»

Kijana huyo alipata waya wa gari la mdogo wake. Mjomba alimpa kipande cha zamani kutoka katika sanduku lake la kazi. Wadogo zake walipomwuliza siku nyingine juu ya nyaya za taa, hakujibu upesi kama zamani. Aliwaketisha chini, akatafuta baisikeli, akaipindua magurudumu juu, akawaonyesha mnyororo. Kisha akawapa amri tatu: waya ulioning'inia au ulioanguka usiguswe, uwe wa kwanza au wa pili, taa isishikwe kwa mikono yenye maji wala miguu mitupu, na anayetaka kutengeneza, aite fundi, naye fundi azime kwanza swichi kubwa.

Mdogo wake wa mwisho akauliza: «Na kama mtu hajui ni waya upi?»

«Asiyejua, aulize,» akajibu. «Kuuliza si ujinga.»